Kugeuza seti ya kifaru kuwa toleo jingine: tuanze na bodi, mtutu uje mwisho

Mwanzisha uzi

Wapenzi wa modeli za plastiki, nimeona kwamba mtu anapotaka kugeuza seti ya kifaru aliyo nayo iwe toleo ambalo halikuwemo kwenye boksi, kitu cha kwanza anachokitafuta ni mtutu. Anaagiza mtutu wa alumini uliokerezwa vizuri, anauchomeka kwenye tureti (kile kibanda cha juu kinachozunguka na kubeba mzinga), anapaka rangi, kisha anatuwekea picha akituambia kwamba amepata Firefly ya Waingereza, au T-34/85 ya Warusi, au Panzer IV ya Wajerumani yenye mzinga mrefu. Sikatai kwamba mtutu ndio unaovuta jicho. Lakini ndio sehemu rahisi kuliko zote, na aghalabu ndio sehemu inayotueleza machache zaidi kuhusu toleo lenyewe. Mafundi waliounda vifaru halisi walibadilisha injini, wakarefusha bodi, wakahamisha redio, wakaziba matundu na kukata mengine, na kila badiliko la namna hiyo liliacha alama mahali fulani kwenye chuma. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba ubadilishaji huamuliwa chini na nyuma ya kifaru, yaani kwenye bodi, sitaha ya injini na magurudumu, kabla tureti haijaguswa.

Nitatumia Sherman, kifaru cha Kimarekani, kama mfano mkuu, maana hakuna familia ya vifaru inayowahadaa watu kama hii. Ukiitazama kwa mbali, M4, M4A2, M4A3 na M4A4 ni kitu kimoja. Kinachozitenganisha ni injini. M4 na M4A1 zilitumia Continental R975, injini ya silinda zilizopangwa kwa duara, ya ukoo wa injini za ndege. M4A2 ilipewa injini mbili za dizeli za General Motors zilizounganishwa, M4A3 ikapewa Ford GAA ya V8, na M4A4 ikapewa Chrysler A57, ambayo kwa kweli ni injini tano za magari zilizofungwa pamoja zikawa mashine moja yenye silinda 30. Hiyo ya mwisho ilikuwa kubwa kiasi kwamba bodi ililazimika kurefushwa kwa inchi 11 hivi, mabogi, yaani vishada vya magurudumu, yakaachanishwa zaidi, na mnyororo wa kila upande ukawa na pingili 83 badala ya 79. M4A1 ndiyo pekee kati ya hizo ambayo bodi yake ya juu yote ni ya chuma cha kusubu, yenye kona za mviringo, kwa hiyo huwezi kuichanganya na nyingine hata ukiwa umesimama mbali.

Sasa tuje kwenye Firefly. Waingereza walipoufunga mzinga wao wa pauni 17 ndani ya Sherman, walitumia bodi za M4A4, na hizo zikaitwa Sherman VC, pamoja na bodi za M4, ambazo ziliitwa Sherman IC, zikiwemo zile zenye sehemu ya mbele ya kusubu na sehemu ya nyuma ya mabamba yaliyochomelewa. Mpangilio wao wa majina unasaidia sana ukiuelewa: namba ya Kirumi inataja bodi, ambapo I ni M4, II ni M4A1, III ni M4A2, IV ni M4A3 na V ni M4A4, herufi nayo inataja silaha, ambapo A ni mzinga wa Kimarekani wa milimita 76, B ni hauza (mzinga mfupi wa kurusha juu) ya milimita 105 na C ni mzinga wa pauni 17. Herufi Y iliongezwa pale kifaru kilipokuwa na saspensheni mpya ya springi za mlalo. Ukishalijua hilo utaona mara moja kwamba Firefly ya bodi ya M4A3, ambayo ingeitwa IVC, haikuwahi kuingia katika uzalishaji, kwa kuwa Wamarekani waliibakiza M4A3 kwa ajili ya majeshi yao wenyewe. Anayechukua seti ya M4A3, ambayo ni miongoni mwa seti za Sherman zilizosambaa sana, na kuivisha tureti ya Firefly, ameunda kifaru ambacho hakikuwepo, hata kama kila kipande kimekaa mahali pake kwa unadhifu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: seti mama, yaani ile unayoanzia, ni ipi? Ikiwa unaweza kupata seti ya M4A4, ichukue, na kazi ya bodi imekwisha. Ikiwa unayo ya M4 ya kuchomelewa, fanya IC. Lakini ikiwa umedhamiria kupata VC na huna M4A4, itabidi ukate, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Inchi 11 ni milimita 279. Katika skeli ya 1/35, yaani modeli iliyo ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, inakuwa milimita 8 kamili, ikipungua kwa kiasi kisichoonekana. Napenda kuihakiki namba ya aina hii kwa njia nyingine kabla ya kushika msumeno, na hapa njia hiyo ipo kwenye mnyororo. Pingili moja ya Sherman ina hatua (umbali hadi pingili inayofuata) ya inchi 6, yaani milimita 152, ambayo kwenye modeli ni milimita 4.35. Pingili nne za ziada ni milimita 17.4, na kwa sababu mnyororo unapita juu na chini, nusu yake, yaani milimita 8.7, ndiyo inayoongeza urefu wa kifaru. Namba hizo mbili hazilingani kabisa, kwa kuwa mnyororo una kulegea kwake na gurudumu la nyuma linaweza kurekebishwa, lakini zimekaribiana kiasi cha kutosha kukupa imani kwamba hujapotea. Kama ungepata 8 upande mmoja na 14 upande mwingine, ungejua kwamba mojawapo ya vyanzo vyako si sahihi.

Bodi ya juu hukatwa mara moja, nyuma ya tureti, kwa kuwa nafasi iliyoongezwa ni ya chumba cha injini. Bodi ya chini hukatwa mara mbili, kati ya bogi la kwanza na la pili, na kati ya la pili na la tatu, na nyongeza igawanywe sawasawa, kwa sababu kwenye M4A4 mianya yote miwili kati ya mabogi ilipanuka. Ukikata bodi ya chini mara moja tu, utapata kifaru chenye urefu sahihi lakini chenye pengo kubwa upande mmoja, na kwa mtu anayeijua M4A4 pengo hilo ndilo atakaloliona kabla ya mtutu wako.

Msumeno wenyewe hula plastiki. Ukiwa na meno ya unene wa milimita 0.3, mikato miwili imekwishakunyang'anya milimita 0.6, kwa hiyo kipande cha kujazia lazima kiwe kirefu zaidi kwa kiasi hicho. Bandika utepe mgumu kuzunguka bodi yote uwe mwongozo, kwaruza mstari mara kadhaa kwa ncha ya kisu ili msumeno usiteleze, kisha kata polepole bila kukandamiza. Jazia kwa mabamba ya plastiki ya polistaini yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka, na ndani uweke vipande vinene vya fremu ya seti (vile vijiti vinavyoshikilia vipande ndani ya boksi) vikivuka pande zote mbili za mkato kama mihimili. Puti isitumike kujaza mwanya mpana. Puti husinyaa inapokauka, hupasuka ikiguswa, na ikipigwa msasa huliwa haraka kuliko plastiki inayoizunguka, hivyo baada ya kupaka rangi utaona bonde. Kazi yake ni kuziba ufa mwembamba kama unywele, basi. Unganisha bodi ikiwa imelala juu ya kioo au bamba lililonyooka, pima kona zote kwa kipembe, na uiache usiku mzima kabla ya kuishika tena, kwa sababu bodi iliyopinda kidogo tu itanyanyua gurudumu moja hewani na hakuna rangi itakayolificha.

Baada ya hapo kuna sitaha ya injini. M4A4 ina uvimbe juu ya sitaha nyuma ya tureti, mahali palipo na rejeta, na ina uvimbe mwingine chini ya sakafu kwa ajili ya feni. Ule wa chini unaweza kuuacha ikiwa modeli itagundishwa kwenye kibao, lakini ule wa juu usiuache, maana ndio unaotofautisha sitaha hii na ya M4A3, ambayo ina vyandarua viwili vikubwa vya hewa. Nyingi za M4A4 pia zilikuwa na kifuniko cha gia cha mbele cha vipande vitatu vilivyofungwa kwa boliti, ilhali seti nyingi za M4A3 huja na kile cha kipande kimoja.

Tureti sasa. Mzinga wa pauni 17 ulikuwa mrefu na ulirudi nyuma sana ulipofyatuliwa, kwa hiyo redio haikuweza kubaki mahali pake. Walikata tundu nyuma ya tureti na kuchomelea sanduku la chuma kwa nje, na redio ikaingia humo. Kitako cha mzinga kilichukua nafasi kubwa hata mpakiaji akakosa njia ya kutoka, ndipo wakamkatia mfuniko wake mwenyewe wa mstatili upande wa kushoto wa paa. Mzinga wenyewe ulilazwa ubavu ili upakiwe kutoka kushoto. Kiti cha mpiga bunduki wa mbele kilitolewa ili risasi kubwa zipate pa kukaa, na tundu la bunduki yake likazibwa kwa bamba la chuma. Mabadiliko haya yana sababu moja, na ukiifuata sababu hiyo huwezi kusahau hata moja: kila kitu kilisukumwa ili kuupisha mzinga. Ongeza na kishikio cha kukunja cha kuegemezea mtutu kilichofungwa kwenye sitaha ya nyuma, kwa kuwa wakati wa safari tureti iligeuzwa kinyume.

Kuhusu mtutu wenyewe sina mengi. Mzinga wa pauni 17 ni wa kipenyo cha milimita 76.2 na urefu wa vipenyo 55, yaani mara 55 ya kipenyo chake, au mita 4.19, ambazo kwenye modeli ni karibu milimita 120, na sehemu ya urefu huo imo ndani ya tureti. Vikosi vingine vilipaka nusu ya mbele ya mtutu rangi nyeupe upande wa chini, kwa mstari wa mawimbi, ili adui akiutazama kwa mbali adhani ni mfupi kama wa Sherman ya kawaida.

Neno moja kuhusu vyanzo. Kifaru kilicho kwenye jumba la makumbusho ni kizuri kwa kupima unene wa bamba na kuona sura ya boliti, na Bovington kule Uingereza ni mahali ambapo Firefly inaweza kutazamwa kwa karibu. Lakini vifaru vingi vilivyosalia vimepita karakana nyingi, vimebadilishwa magurudumu, minyororo na hata mifuniko. Picha ya wakati wa vita, hata ikiwa na ukungu, ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu kilichokuwepo siku hiyo. Chagua kifaru kimoja chenye namba inayosomeka, kisha ujenge hicho hicho.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo, lakini naona umetufanya tuonekane mafundi seremala. Siku hizi zipo seti za ubadilishaji za resini, zenye tureti nzima, sanduku la redio, mifuniko na hata bodi ya juu. Kwa nini mtu akate na kujazia ilhali angeweza kununua kipande kilichokamilika?

Mwanzisha uzi

Ndugu, resini ni msaada mkubwa na sina ugomvi nayo, hasa kwa maumbo ya mviringo kama tureti ya kusubu, ambayo ni taabu kuichonga kwa bamba bapa. Lakini inataka tahadhari zake. Resini husinyaa kidogo inapoganda kwenye kalibu, kwa hiyo kabla ya kubandika weka tureti ya resini kando ya ile ya plastiki na uzipime zote mbili kwa kalipa. Shingo ya tureti ya Sherman, yaani duara inapokalia bodi, ina kipenyo cha inchi 69, ambazo kwa 1/35 ni milimita 50. Kipande cha resini kinachopungua hapo kwa zaidi ya nusu milimita kitacheza kwenye tundu lake, na dalili ni kwamba kimesinyaa kila mahali pengine pia.

Pili, gundi ya kuyeyusha plastiki haishiki resini hata kidogo, kwa sababu haiwezi kuiyeyusha. Utahitaji supaglu au gundi ya epoksi ya mirija miwili. Supaglu ni ya haraka lakini huvunjika ikigongwa, hivyo kiungo kinachobeba uzito kiimarishwe kwa pini ya waya. Tatu, osha vipande kwa maji na sabuni, la sivyo mafuta ya kalibu yataikataa rangi. Kipande kilichopinda kitumbukize kwenye maji ya moto, kinyooshe, kisha kipoze kwenye maji baridi huku ukikishikilia. Na vumbi lake si la kuvuta: piga msasa ukiwa na maji na uvae barakoa.

Swali la msingi linabaki lile lile, hata hivyo. Seti ya resini huandikwa kwa ajili ya seti mama fulani. Ukiiweka juu ya nyingine, hata ya kifaru hicho hicho, mteremko wa mbele unaweza usikutane na bamba la ubavu. Tena zipo seti za resini zinazouzwa kama Firefly bila kusema ni za bodi ipi, na mnunuzi ndiye anayeachiwa kazi ya kujua.

Mchangiaji wa pili

Ninayo T-34/76 ya mwaka 1942 na ningependa kuigeuza iwe T-34/85. Nimepata tureti ya T-34/85 iliyobaki kwenye seti nyingine. Je, bodi haifanani? Nilidhani hapa ni suala la kubadilisha tureti tu.

Mwanzisha uzi

Bodi zinafanana sana kwa kweli, na hilo ndilo linalowaponza watu. Kwenye Sherman, tureti kubwa ya mzinga wa milimita 76 ilibuniwa ikae kwenye shingo ile ile ya inchi 69, kwa hiyo kubadilishana tureti ni rahisi kwenye chuma na kwenye plastiki pia. Warusi hawakuwa na bahati hiyo. Shingo ya T-34/76 ilikuwa na kipenyo cha milimita 1,420 hivi, na tureti ya watu watatu ilihitaji milimita 1,600. Kwenye modeli hiyo ni tofauti ya milimita 5, kutoka 40.6 hadi 45.7. Tundu linabidi lipanuliwe, na ukishalipanua utakuta kwamba ukingo wake umesogea karibu sana na mfuniko wa dereva mbele na sitaha ya injini nyuma. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye kifaru chenyewe. Chora duara jipya kwa bikari kutoka kwenye kitovu kile kile, toboa vitundu vidogo mfululizo ndani ya mstari, kata katikati ya vitundu, kisha malizia kwa tupa ya nusu duara.

Angalia pia kiwanda. T-34/85 za kwanza kabisa, zilizotoka kiwanda namba 112 mwanzoni mwa 1944, zilikuwa na mzinga wa D-5T, na zile zilizofuata zilikuwa na ZIS-S-53, na ngao ya mzinga haina umbo moja kwa hizo mbili. Tureti yako iliyobaki ni ya ipi? Ukishajua, ndipo uchague magurudumu.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuchangia upande wa Panzer IV, kwa sababu huko mara nyingi kazi ni ya kuondoa badala ya kuongeza. Nilitaka kutoka Ausf. H kwenda Ausf. J (Ausf. ni kifupi cha neno la Kijerumani la toleo), na michoro ilinionyesha kwamba Wajerumani walikuwa wanapunguza gharama na kazi za kiwandani. Ausf. J haikuwa na mota ya umeme ya kuzungushia tureti, na injini ndogo iliyoiendesha ikaondolewa, kwa hiyo ekzosi ndogo iliyokuwa nyuma upande wa kushoto nayo ikatoweka. Kwa zile za mwishoni, ekzosi kubwa ya kulala ilipisha mabomba mawili yaliyosimama wima, na magurudumu madogo ya juu yanayobeba mnyororo yakawa matatu kila upande badala ya manne. Ukiacha manne ukaweka mabomba ya wima, unaweza kuwa sahihi kwa kipindi fulani cha mpito, lakini ujue unachokifanya.

Suala la zimerit pia lisisahaulike. Upakaji wa lile tope la kuzuia mabomu ya sumaku ulianza kiwandani mwaka 1943 na ukasimamishwa Septemba 1944. J ya mwisho kabisa yenye zimerit ni kosa la tarehe.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu. Huo ni mchango wa mtu aliyetazama upande wa nyuma wa kifaru kwanza. Niongeze jambo moja kuhusu mitutu ya Panzer IV, kwa kuwa wengi hukata mtutu kwa kufuata namba ya kwenye kitabu. Mzinga mfupi wa KwK 37 (KwK ni jina la Kijerumani la mzinga wa kifaru) ni wa vipenyo 24, yaani mita 1.8, au milimita 51 kwenye modeli. KwK 40 ya mwanzo ni ya vipenyo 43, ambayo ni milimita 92, na ile ya baadaye ni ya vipenyo 48, yaani milimita 103. Lakini urefu huo Wajerumani waliuhesabu pamoja na kitako cha mzinga, na breki ya mdomoni haimo. Ukipima milimita 92 kuanzia kwenye ngao ya mzinga kwenda mbele, utapata mtutu mrefu kupita kiasi. Tumia tofauti ya namba, usitumie namba yenyewe: kutoka vipenyo 43 hadi 48 ongeza milimita 11 kwenye sehemu inayoonekana, basi.

Mchangiaji wa nne

Mimi si mtu wa kukata bodi. Je, kuna ubadilishaji wa Sherman ambao anayeanza anaweza kuufanya kwa mabamba bapa tu? Na mishono ya kuchomelea mnaitengenezaje isionekane kama minyoo?

Mwanzisha uzi

Upo, na ninaupendekeza kuliko mwingine wowote: M4A3E2, ile iliyopewa jina la Jumbo. Ziliundwa 254 tu katika mwaka 1944, kwa ajili ya kuongoza mashambulizi dhidi ya ngome. Bodi ni ya M4A3 yenye mifuniko mikubwa ya dereva, ambayo bamba lake la mbele lina mteremko wa digrii 47, na juu yake yalichomelewa mabamba ya ziada ya inchi 1.5, mbele na ubavuni. Inchi 1.5 ni milimita 38, na kwenye modeli ni 1.09, kwa hiyo bamba la plastiki la milimita 1 linatosha kabisa na huhitaji kukata chochote kwenye muundo. Pima ubavu kwa karatasi ngumu kwanza, kata kiolezo, hakikisha kimekaa, ndipo ukate plastiki. Mpira wa bunduki ya mbele utabaki umezama, kwa hiyo toa ukingo wake kwa kisu kabla ya kubandika bamba na uurudishe juu ya uso mpya.

Tureti ya Jumbo ni mnene na ya kipekee, na hapo resini ndiyo njia ya busara. Kifuniko cha gia nacho kilikuwa kinene zaidi. Unaweza kukinenepesha kwa tabaka za puti ya epoksi na kukichonga ikishakauka. Minyororo yake ilipanuliwa kwa vipande vya pembeni vya kuunganishia pingili, ili uzito ulioongezeka usizamishe kifaru kwenye tope, na vipande hivyo hupatikana kama nyongeza ya mnyororo. Saspensheni ilibaki ya springi za wima. Ukiona Jumbo yenye springi za mlalo kwenye modeli, omba picha ya ushahidi.

Kuhusu mishono, kosa kubwa ni ukubwa. Mshono wa kweli wenye upana wa sentimita mbili unakuwa milimita 0.6 tu kwenye modeli. Pasha kipande cha fremu ya seti juu ya mshumaa, kivute kiwe uzi mwembamba, kilaze kwenye pembe ya mabamba, kisha kipake gundi ya kuyeyusha mara mbili au tatu hadi kilainike. Kikiwa laini, kikandamize kwa ncha ya kisu isiyo kali, mkandamizo mmoja baada ya mwingine, ukiinamisha kisu upande mmoja kila mara ili alama zifuatane. Puti ya epoksi iliyoviringishwa nayo inafaa, hasa kwa mishono mirefu ya Jumbo. Chuma cha kusubu kina njia yake: paka gundi ya kuyeyusha kwenye eneo dogo, kisha lidonoe kwa brashi yenye nywele ngumu zilizokatwa fupi. Bamba la kuchomelewa lisiguswe na brashi hiyo. Lilitoka kiwandani likiwa laini.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimeipima tureti yangu, ni ya ZIS-S-53. Nina swali lingine la haraka kwa sababu nina T-55 mbili za ziada, vile vifaru vya Kisovieti vya baada ya vita. Moja nataka iwe T-54 na nyingine T-62. Inawezekana?

Mwanzisha uzi

T-54 inawezekana na ni kazi ya kupendeza. Juu ya paa la tureti ya T-54, mbele ya mfuniko wa mpakiaji, kuna kuba dogo la feni ambalo T-55 haina. Litengeneze kwa kichwa cha pini kubwa au kwa kipande cha mviringo kutoka kwenye sanduku la mabaki. Ukitaka ile ya 1951, mtutu usiwe na ule uvimbe wa kufyonza moshi karibu na mdomo, kwa kuwa uliingia baadaye na T-54A. Magurudumu yabadilishe yawe ya mtindo wa zamani wenye mbavu nyembamba nyingi kama tandabui. Kama T-55 yako ni T-55A, toboa pia tundu dogo la bunduki katikati ya bamba la mbele, maana kwenye T-55A bunduki hiyo ilikuwa imeondolewa.

T-62 usijaribu. Tazama magurudumu: kwenye T-54 na T-55 mwanya mkubwa uko kati ya gurudumu la kwanza na la pili, na kwenye T-62 mianya mikubwa iko kati ya la tatu na la nne, na la nne na la tano. Mikono yote ya saspensheni ingehama, bodi ingerefuka, na shingo ya tureti ingepanuka. Ungebaki na plastiki ya T-55 iliyo kidogo kuliko bamba jipya. Hiyo ya pili ifanye Tiran ya Israeli yenye mzinga wa milimita 105, kwa sababu ni T-55 ile ile iliyotekwa, na bodi yako haitahitaji msumeno.